Faini kwa tajiri ni bei tu: kwa nini kanuni za fedha hazijazima pupa ya klabu za soka

Tarehe 4 Julai 2025 UEFA, shirikisho la soka la Ulaya, ilitangaza kwamba Chelsea italipa faini ya euro milioni 31 kwa kuvunja kanuni za fedha, na kwamba milioni 60 zaidi zitafuata ikishindwa kutimiza masharti iliyowekewa. Siku tisa baadaye Chelsea hao hao waliifunga PSG 3-0 huko New Jersey katika fainali ya Kombe la Dunia la Klabu, na zawadi walizovuna katika mashindano yale zikavuka dola milioni 100. Sijakutana na shabiki wa Chelsea aliyekosa usingizi kwa sababu ya ile faini.

Sasa basi, kanuni na faini zinaweza kweli kuzuia klabu zisitumie kupita uwezo wao? Kanuni zinaweza, kwa kiasi. Faini peke yake, haiwezi. Ila kabla ya kubishana lazima tukubaliane tunataka kuzuia nini, maana vijiweni watu hubishana mpaka mechi inaanza kumbe kila mmoja anazungumzia jambo lake. Mmoja anataka klabu zisife kwa madeni. Mwingine anataka tajiri asinunue ubingwa. Hayo ni mambo mawili tofauti, na kanuni nyingi tulizonazo ziliandikwa kwa ajili ya lile la kwanza tu.

Tuanze na sababu ya klabu kujitia kitanzi. Mchumi Stefan Szymanski ameonyesha kwa miaka mingi kwamba ukitazama misimu kadhaa kwa pamoja, nafasi ya timu kwenye msimamo wa ligi ya England hufuatana kwa karibu sana na ukubwa wa mishahara inayolipa. Makocha hubadilika, bahati huja na kwenda, lakini anayelipa zaidi kwa kawaida humaliza juu. Kila mwenyekiti wa klabu anajua hivyo. Anajua pia kwamba timu ya mwisho kwenye Ligi Kuu England huondoka na zaidi ya pauni milioni 100 za haki za televisheni na mgawo mwingine wa ligi, na kwamba ikishuka daraja sehemu kubwa ya fedha hizo inayeyuka. Kwa mtu aliye nafasi ya 17 mwezi Januari, kukopa asajili mshambuliaji si wazimu. Ni hesabu. Tatizo ni kwamba wenzake wanne walio jirani naye kwenye msimamo wanapiga hesabu hiyo hiyo usiku huo huo, na wanaoshuka lazima wawe watatu.

Leeds United walicheza nusu fainali ya Ligi ya Mabingwa mwaka 2001 kwa fedha za mkopo uliodhaminiwa na mapato ya tiketi za miaka iliyokuwa haijafika. Mwaka 2004 walishuka daraja, na kufikia 2007 walikuwa wameangukia daraja la tatu. Portsmouth walitwaa Kombe la FA mwaka 2008 kwa bao la Nwankwo Kanu. Wengi wetu tunalikumbuka. Februari 2010 wakawa klabu ya kwanza ya Ligi Kuu England kuwekwa chini ya msimamizi wa ufilisi. Wakakatwa pointi tisa, wakashuka, na miaka mitatu baadaye walikuwa daraja la nne mikononi mwa mashabiki wao wenyewe. Kwenye orodha ya waliokuwa wakiidai Portsmouth kulikuwa na mamlaka ya kodi ya Uingereza, na kulikuwa pia na St John Ambulance, wale watoa huduma ya kwanza wanaosimama pembeni mwa uwanja. Utaratibu wa soka la England unataka wachezaji na klabu nyingine walipwe kwanza, tena chote. Mtoa huduma ya kwanza anasubiri makombo.

Hiyo ndiyo hali iliyomfanya Michel Platini, akiwa rais wa UEFA, asukume kanuni zilizopitishwa kati ya 2009 na 2010 na ambazo dunia nzima ilizizoea kwa jina la FFP (Financial Fair Play). Msingi wake ulikuwa rahisi: klabu inayotaka kucheza Ulaya isitumie zaidi ya inachoingiza, na isiwe na malimbikizo ya madeni kwa wachezaji, klabu nyingine au serikali. Hasara kidogo iliruhusiwa, euro milioni 45 kwa kipindi cha kwanza na baadaye milioni 30 kwa miaka mitatu, mradi mmiliki aizibe kwa fedha zake na si kwa mkopo.

Na kwa lile jambo la kwanza, kanuni zilifanya kazi. Mwaka 2011 klabu za madaraja ya juu ya Ulaya kwa jumla zilipata hasara ya euro bilioni 1.7. Mwaka 2017 jumla hiyo iligeuka kuwa faida ya karibu euro milioni 600. Fedha za televisheni zilisaidia sana, siwezi kulikana hilo, lakini zilikuwa zimepanda hata miaka ya nyuma na zote ziliishia kwenye mishahara. Hofu ya kufungiwa Ulaya ilichangia. Galatasaray walifungiwa mwaka 2016, na AC Milan, mabingwa mara saba wa Ulaya, walikosa Europa League ya msimu wa 2019/20.

Utaona waliofungiwa ni akina nani: klabu zenye majina makubwa ambazo zilikuwa zimeishiwa. Klabu zisizoishiwa zilipita njia nyingine.

Mei 2014 Manchester City na PSG waliafikiana na UEFA. Kila mmoja alitozwa faini ya euro milioni 60, ambayo milioni 40 kati yake hazikulazimika kulipwa wakitimiza masharti. Milioni 20, kwa klabu zinazomilikiwa na fedha za Abu Dhabi na Qatar! Mwaka 2017 PSG walimlipia Neymar euro milioni 222, wakamchukua Mbappé kwa mkopo uliogeuka kuwa ununuzi wa milioni 180, na UEFA ikafungua uchunguzi. Kesi ile ilifia kwenye Mahakama ya Usuluhishi wa Michezo, CAS, mwaka 2019, kwa sababu UEFA ilichelewa kuirudisha ndani ya muda uliowekwa na kanuni zake yenyewe. Februari 2020 City wakafungiwa miaka miwili kucheza Ulaya na kutozwa euro milioni 30, kwa madai kwamba fedha za mmiliki zilipitishwa zikiitwa udhamini. Julai mwaka huo CAS ikafuta kifungo: baadhi ya madai hayakuthibitishwa, mengine yalikuwa yamepitwa na ukomo wa miaka mitano. Ikabaki faini ya milioni 10 kwa kutotoa ushirikiano. Ligi Kuu England nayo iliwafungulia City mashtaka zaidi ya 100 Februari 2023, na kusikilizwa kukaanza Septemba 2024. City wamekanusha tangu siku ya kwanza.

Simsemi mtu kwamba ana hatia. Nasema kwamba mlinzi wa kanuni ana mawakili wachache na saa inamkimbiza, na anayeshtakiwa ana mawakili wengi na hana haraka.

Hesabu zenyewe

Ili kuelewa mbinu za klabu, lazima uelewe namna mchezaji anavyoandikwa vitabuni. Ukimnunua mtu kwa pauni milioni 100 kwa mkataba wa miaka mitano, kwenye hesabu haisomeki kwamba umetumia milioni 100 mwaka huu. Inasomeka milioni 20 kila mwaka kwa miaka mitano. Lakini ukimuuza kijana uliyemlea kwenye akademi yako kwa milioni 40, zote 40 zinaingia kama faida siku hiyo hiyo, kwa kuwa vitabuni hakuwa na bei.

Kutokana na mambo hayo mawili zimezaliwa karibu ajabu zote tunazoziona madirisha ya usajili. Chelsea baada ya kununuliwa na kundi la Todd Boehly na Clearlake mwaka 2022 walianza kuwapa wachezaji mikataba mirefu mno. Enzo Fernández na Mykhailo Mudryk walisaini ya miaka minane na nusu, maana kadiri mkataba unavyorefuka ndivyo gharama ya kila mwaka inavyopungua. UEFA ikaweka kikomo: gharama igawanywe kwa miaka isiyozidi mitano. England wakafuata Desemba 2023.

Juni 2024, siku chache kabla ya vitabu kufungwa tarehe 30, klabu zilizobanwa zikaanza kuuziana vijana. Ian Maatsen akatoka Chelsea kwenda Aston Villa, Omari Kellyman akatoka Villa kwenda Chelsea. Tim Iroegbunam akatoka Villa kwenda Everton, Lewis Dobbin akatoka Everton kwenda Villa. Newcastle wakamuuza Elliot Anderson, mtoto wa kule kule, kwa Nottingham Forest. Hakuna anayeweza kuthibitisha kwamba bei zile zilipikwa. Lakini kanuni iliyoandikwa ili klabu ziishi kwa jasho lao imekuwa ndiyo inayozisukuma kuwauza kwanza wachezaji waliozaliwa mtaa wa jirani na uwanja, kwa sababu hao ndio wanaoleta faida safi. Kwangu hilo ndilo kosa kubwa kuliko yote.

Halafu kuna hoteli. Kanuni za Ligi Kuu England za wakati huo, zilizojulikana kama PSR, ziliruhusu hasara ya hadi pauni milioni 105 kwa miaka mitatu. Ili wasivuke, Chelsea waliuza hoteli mbili za pale Stamford Bridge kwa pauni milioni 76.5. Mnunuzi alikuwa kampuni dada, chini ya wamiliki wale wale. Kisha wakaiuza timu ya wanawake kwa takribani pauni milioni 200, tena ndani ya familia hiyo hiyo. Ni kama mtu anayehamisha noti kutoka mfuko wa shati kwenda mfuko wa suruali halafu anamwambia mwenye duka kwamba leo amelipwa. Kanuni za England hazikukataza, na klabu zilipopigia kura kuziba tundu hilo mwaka 2024, kura hazikutosha. UEFA ilikataa kuhesabu mauzo ya namna hiyo, na ndiyo sehemu ya sababu ya ile faini ya Julai 2025.

Pointi zinauma, ila zinachelewa

Tofauti na UEFA, England wamethubutu kukata pointi. Novemba 2023 Everton walikatwa 10 kwa kuvuka kikomo kwa pauni milioni 19.5. Rufaa ikazipunguza hadi sita. Aprili 2024 wakakatwa mbili nyingine kwa kipindi kilichofuata.

Adhabu nzito, bila shaka. Lakini tazama kalenda. Kosa la kwanza lilihusu kipindi kilichoishia msimu wa 2021/22. Msimu huo Everton walimaliza na pointi 39, Burnley wakashuka wakiwa na 35. Ondoa pointi sita kwa Everton mwaka huo: wanabaki na 33, wao ndio wanaoshuka na Burnley wanabaki. Adhabu haikutolewa msimu huo. Ilitolewa msimu wa 2023/24, na hata baada ya kukatwa nane kwa jumla Everton walibaki na 40, wakati Luton Town, wa kwanza chini ya mstari wa kushuka, walikuwa na 26. Wala si ajabu kwamba Burnley walifungua madai ya fidia.

Kesi ya Nottingham Forest inafundisha zaidi. Walirudi Ligi Kuu mwaka 2022 baada ya miaka 23, na kwa sababu kikosi kilichowapandisha kilikuwa kimejaa wachezaji wa mkopo, walisajili zaidi ya watu 20 msimu wa kwanza. Kwa kuwa miaka miwili kati ya mitatu iliyopimwa walikuwa daraja la chini, kikomo chao hakikuwa milioni 105 bali 61. Wakavuka kwa 34.5. Utetezi wao ulimhusu Brennan Johnson, aliyelelewa pale tangu akiwa na miaka minane. Wangemuuza kabla ya tarehe 30 Juni 2023 wangepata fedha kidogo. Walisubiri hadi Septemba mosi, wakamuuza kwa Tottenham kwa pauni milioni 47.5. Kwa hoja yao, kanuni inayotaka klabu iwe na afya ya fedha haiwezi kuiadhibu kwa kukataa kuuza kwa bei ya kutupa. Kwa mfanyabiashara yeyote wa Kariakoo hoja hiyo imenyooka. Tume huru iliyosikiliza kesi haikuikubali: tarehe ni tarehe, na wenzenu waliuza kwa wakati. Forest wakakatwa pointi nne, baada ya kupunguziwa mbili kwa kukiri na kutoa ushirikiano.

Nadhani tume ilikuwa sahihi, japo kwa shingo upande. Ukianza kukubali visingizio vizuri, kila klabu itakuja na chake. Lakini tazama mwisho wake. Forest walibaki Ligi Kuu. Msimu uliofuata, 2024/25, walimaliza nafasi ya saba na kupata tiketi ya Ulaya. Pointi nne kwa safari hiyo? Mwenyekiti gani angekataa?

Mlango unaofungwa mapema

Uhispania walichagua njia nyingine. Tangu 2013, chini ya rais wake Javier Tebas, La Liga, ligi kuu ya huko, huipa kila klabu kikomo cha gharama za kikosi kabla ya msimu kuanza, kulingana na mapato na madeni yake. Ukivuka, hakuna faini wala kesi ya miaka miwili. Mchezaji wako hasajiliwi tu. Unaweza kumsainisha, ukamvisha jezi, ukapiga naye picha uwanja ukiwa umefurika, lakini siku ya mechi anakaa jukwaani.

Agosti 2021 kanuni hiyo ilimtoa Lionel Messi Barcelona. Klabu iliyokuwa imewalipia Coutinho, Dembélé na Griezmann mamia ya milioni ilijikuta, kwa maneno ya rais wake Joan Laporta, na mishahara ambayo ingefika asilimia 110 ya mapato kama Messi angebaki. Messi alilia mbele ya kamera na ligi haikulegeza. Sijui adhabu nyingine ya kifedha katika soka iliyowahi kugusa mtu mkubwa kiasi hicho, na haikuhitaji hakimu hata mmoja.

Barcelona walipata upenyo, kama kawaida. Mwaka 2022 waliiuzia kampuni ya Sixth Street asilimia 25 ya haki zao za televisheni za La Liga kwa miaka 25, wakawaleta Lewandowski, Raphinha na Koundé. Kikomo kilitii fedha ya leo na kuacha deni kwa warithi. Hata hivyo mlango wa usajili ni kitu ambacho hata rais mkaidi anakiogopa. Mashabiki wa Kenya wanalijua hili kwa karibu: Gor Mahia na AFC Leopards waliwahi kufungiwa kusajili na FIFA kwa sababu ya malipo ya wachezaji na makocha wa zamani, na ndipo madeni yaliyokuwa yakipigwa danadana yalipoanza kutafutiwa fedha.

Lakini hakuna hata moja kati ya haya linalogusa jambo la pili, la tajiri kununua ubingwa. Kanuni inayosema utumie sehemu fulani ya mapato yako ni rafiki wa mwenye mapato makubwa. Tangu 2022 UEFA imeweka sharti jipya: mishahara, gharama za usajili na malipo ya mawakala visizidi asilimia 90 ya mapato, kisha 80, na kuanzia msimu wa 2025/26 asilimia 70. Asilimia 70 ya Real Madrid, ambao mapato yao yamevuka euro bilioni moja kwa msimu, ni zaidi ya milioni 700. Asilimia 70 ya klabu ya kati ya Ubelgiji haitoshi kulipa benchi la Madrid. Kanuni hii inailinda klabu ya Ubelgiji isife ikijaribu kumfikia Madrid, na hapo hapo inahakikisha haitamfikia. Newcastle, iliyonunuliwa na mfuko wa serikali ya Saudi Arabia Oktoba 2021, imelalamika kwa sababu hiyo: ina mmiliki tajiri kuliko karibu wote, na haruhusiwi kuumimina utajiri wake. Ukiwa shabiki wa Liverpool utasema safi sana. Ukikumbuka jinsi Chelsea na City walivyopanda kabla mlango haujafungwa, utaona malalamiko yao yana mantiki.

Novemba 2025 klabu za Ligi Kuu England zilipiga kura kuachana na PSR kuanzia msimu wa 2026/27 na kuhamia mfumo wa uwiano: gharama za kikosi zisizidi asilimia 85 ya mapato ya soka. Ulipita kwa kura 14 dhidi ya 6, idadi ile ile ya chini inayotakiwa. Ukivuka 85 kuna eneo la katikati ambako unalipa tozo, yaani bei ile ile niliyokuwa nikiizungumzia. Pointi zinakatwa ukivuka eneo hilo pia. Siku hiyo hiyo klabu zilipigia kura pendekezo la pili: kikomo kimoja cha matumizi kwa klabu zote, kikipigiwa hesabu kutokana na fedha ambazo ligi humlipa wa mwisho kwenye msimamo. Hilo pekee ndilo lingewagusa walio juu kabisa bila kujali wanaingiza kiasi gani. Chama cha wachezaji, PFA, kilikuwa kimeshatishia kwenda mahakamani kulipinga. Hakukuwa na haja. Klabu zenyewe ziliangusha pendekezo hilo.